Profesa aliyesema "sijui" pale Mkwawa

Kisa cha Erasto Mpemba wengi wetu tunakijua. Mwaka 1963 alikuwa kidato cha tatu, Magamba sekondari, kule Lushoto, akitengeneza aiskrimu na wenzake. Utaratibu ulikuwa uchemshe maziwa, utie sukari, usubiri yapoe ndipo uyaweke kwenye friji. Siku hiyo nafasi ya friji ilikuwa ya kugombania. Mwenzake akaingiza ya kwake bila hata kuyachemsha, naye Mpemba, kwa kuhofia kukosa nafasi, akaingiza yake yakiwa bado ya moto. Baada ya saa moja na nusu yake yalikuwa yameganda, ya mwenzake bado uji mzito. Akamuuliza mwalimu, akaambiwa amechanganyikiwa. Alipofika sekondari ya Mkwawa, Iringa, kwa masomo ya juu, akauliza tena. Huko akajibiwa kwamba hiyo ni fizikia ya Mpemba, si fizikia ya ulimwengu.

Leo nataka kumsemea mtu ambaye tukisimulia kisa hiki huwa tunampita mbio: Denis Osborne. Alikuwa mwanafizikia Mwingereza aliyefundisha chuo kikuu Ghana kabla ya kuja Dar es Salaam, chuo chetu kilipokuwa bado sehemu ya Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki, na hapo akafikia uprofesa. Baadaye aliacha kazi ya chuo na miaka ya 1980 akawa Balozi wa Uingereza nchini Malawi. Lakini katika maisha yake yote ya kazi, jambo ninaloliheshimu kuliko yote lilitokea Iringa, mbele ya vijana wa sekondari waliokuwa wanacheka.

Mkuu wa shule alikuwa amemwalika aje aongee kuhusu fizikia na maendeleo ya taifa. Alipomaliza, maswali yakaanza. Mpemba akasimama: ukichukua vyombo viwili vinavyofanana, maji kiasi kilekile, kimoja nyuzi 35 na kingine nyuzi 100, ukavitia kwenye friji, kile cha nyuzi 100 ndicho kinaganda kwanza. Kwa nini? Darasa likaangua kicheko. Osborne akaomba swali lirudiwe, akamuuliza kijana kama kweli amelifanya jambo hilo kwa mikono yake. Akajibiwa ndiyo. Akasema hajui, ila akirudi Dar es Salaam atalijaribu.

Baadaye aliandika wazi kwamba moyoni alidhani kijana amekosea. Hapo ndipo ninapompendea. Kumsikiliza mtu unayeamini ana hoja ni rahisi, kila mtu anaweza. Yeye aliamini swali ni bovu na bado akalibeba kilomita karibu 500 mpaka maabara yake, akampa fundi alipime. Fundi akaleta majibu: maji ya moto yameganda kwanza. Na kwa bidii yote ya kazi yake akaongeza kwamba wataendelea kurudia jaribio mpaka wapate jibu sahihi!

Wakapima vizuri. Bika, yaani vikombe vya maabara, za sentimita za ujazo 100, maji sentimita za ujazo 70 katika kila moja, zimekalishwa juu ya kipande cha foamu ndani ya friza ili joto lisipotelee chini. Maji yaliyoanza na joto la nyuzi kama 25 ndiyo yaliyochelewa zaidi, yaliyokuwa karibu na kuchemka yakawahi. Mwaka 1969 makala ikatoka katika jarida la ualimu wa fizikia la Uingereza. Jina la Mpemba, wakati huo akiwa mwanafunzi wa chuo cha wanyamapori Mweka, likatangulia. La profesa likafuata. Nusu ya kwanza ya makala Mpemba anasimulia mwenyewe, kwa maneno yake.

Tuliopita vyuo vyetu tunajua uzito wa jambo hilo. Mhadhiri anapanda cheo kwa machapisho, na nimeshuhudia kazi ya mwanafunzi, vipimo alivyokesha navyo, ikitoka jaridani bila jina lake popote. Aliyefanyiwa hivyo alikuwa rafiki yangu tuliyelala chumba kimoja. Hakulalamika kwa yeyote. Aliacha fizikia, sasa yuko benki.

Na mimi nina langu. Mwaka wa kwanza niliuliza swali katika ukumbi wa mihadhara, mbele ya watu kama mia mbili, kuhusu kitu nilichokiona nyumbani kwenye sufuria ya mama. Nikajibiwa kwamba hilo halimo kwenye mtihani, tusipotezeane muda. Watu walicheka kicheko kilekile cha Mkwawa. Sikunyoosha mkono tena mpaka nahitimu. Sasa nafundisha fizikia sekondari, na nikiona mkono unapanda nusu kisha unashuka, najua hasa kinachoendelea ndani ya kifua cha huyo mtoto.

Wapo watakaonikumbusha kwamba jambo lenyewe, maji ya moto kuwahi kuganda, bado lina ubishi. Ni kweli. Mwaka 2012 jumuiya ya wanakemia ya Uingereza ilishindanisha maelezo ya sababu, yakaja zaidi ya 22,000. Mwaka 2016 watafiti wengine wakapima upya na kusema hawaoni ushahidi wa kutosha kwamba maji ya moto huwahi kupoa. Joto, unyevunyevu, umbo la chombo, hata mahali unapochomeka kipimajoto, vyote vinabadilisha majibu. Kwangu hilo linamuongezea Osborne heshima. Hakutangaza kwamba amepata kanuni mpya. Alisema alichokiona, jinsi alivyopima, na sababu alizozidhania, akawaachia wengine wapime. Miaka zaidi ya hamsini wameendelea kupima.

Ninachoomba kwa maprofesa wetu ni kidogo na kinawezekana. Waje sekondari. Si siku ya mahafali, wakae meza kuu na kutoa nasaha, hapana. Waje Jumatano ya kawaida, waongee nusu saa, kisha wakae saa nzima ya maswali, na wakubali yaulizwe kwa Kiswahili. Hili la lugha linaniuma sana. Tunafundisha fizikia kwa Kiingereza, na maswali mazuri kuliko yote ninayapata nje ya darasa, kwenye veranda, kwa sauti ya chini, kwa lugha ambayo mtoto hahofii kuchekwa akiitumia.

Mwezi uliopita binti wa kidato cha tatu alinifuata pale veranda. "Shikamoo mwalimu. Naomba kuuliza, lakini siyo la darasani." Nikamwambia uliza. "Mbona redio ya babu usiku inashika stesheni za mbali, mchana inakoroma tu?" Nilikuwa na kitu cha jumla cha kumjibu, kuhusu mawimbi. Nikakimeza. Nikamwambia sijui vizuri, nipe mpaka Jumatatu.

Nilisoma Jumamosi nzima. Huko juu angani kuna tabaka lililochajiwa na jua ambalo mchana hunyonya mawimbi ya masafa ya kati. Jua likizama tabaka hilo hufifia, na mawimbi hupanda hadi tabaka la juu zaidi na kurudishwa chini, mamia ya kilomita kutoka yalikoanzia. Jumatatu nikamweleza, akasikiliza, kisha akauliza kama tunaweza kujaribu. Alikuwa amekuja na redio yenyewe kwenye mfuko wa rambo, betri zimefungwa kwa raba.

Mchana, ofisini kwa walimu, ilikoroma mwanzo hadi mwisho wa masafa. Saa tatu usiku, baada ya prepu, wanafunzi kumi na wawili walisimama uwanjani kuizunguka. Binti alikuwa anageuza kitufe taratibu sana, kichwa amekiinamisha, na sauti ya mtu anayesoma habari kwa Kiarabu ikaingia, ikafifia, ikaingia tena.