Ruaha Mkuu na fedha zinazoishia kwenye zege

Aliyewahi kupita Mbarali mwezi wa Oktoba anaijua picha hii. Juu ya banio, ukuta unaouzuia mto Ruaha Mkuu ili maji yaingie mferejini, maji yamejaa, yametulia kama ya bwawa. Pembeni geti la chuma limepandishwa, na mfereji unabeba mzigo wake kuelekea mashambani. Chini ya banio, hatua kumi tu, ni mchanga, mawe meupe na kadimbwi kamoja ambamo watoto wanakamata kambare kwa mikono. Nilisimama pale karibu nusu saa nikisubiri maji yavuke ukuta. Hayakuvuka.

Kinachoniuma ni kwamba baadhi ya zege la Usangu, tambarare ya Mbarali inayoulisha Ruaha Mkuu, lilijengwa kwa fedha zilizotafutwa kwa jina la kulisimamia bonde. Kati ya 1996 na 2004 serikali iliendesha mradi, kwa mkopo wa Benki ya Dunia, wa usimamizi wa mabonde ya mito na uboreshaji wa kilimo cha umwagiliaji cha wakulima wadogo. Kabla ya hapo mabanio mengi yalikuwa ya asili: magogo, mawe, matawi na majani. Masika yakija, mafuriko yanayabeba, wakulima wanarudi kuyajenga upya. Wataalamu wakaona ni kazi ya bure, na kwa mkulima kweli ilikuwa adha. Lakini banio la matawi linavuja, na yale yanayovuja ndiyo yaliyokuwa chakula cha mto. Zege halivuji. Watafiti waliofuatilia walikuta mabanio yaliyoboreshwa yanampa aliye juu uwezo wa kuchukua karibu maji yote ya kiangazi.

Siusingizii mradi kwamba ndio uliokausha mto. Ruaha Mkuu ulianza kukatika ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Ruaha mwaka 1993, mradi ukiwa haujaanza. Ninachosema ni kwamba daktari aliitwa, akalipwa, akaondoka, na mgonjwa hakuinuka kitandani.

Ahadi nazo hazikukosekana. Mwaka 2001, Waziri Mkuu wa wakati huo, Frederick Sumaye, alitangaza akiwa London kwamba ifikapo 2010 Ruaha Mkuu utakuwa unatiririka mwaka mzima. Mwaka 2006 wafugaji wakaamriwa kuondoka Ihefu, eneo la kinamasi huko Usangu, ng'ombe wakaswagwa hadi Lindi na Pwani. Mwaka 2008 eneo hilo likaunganishwa na hifadhi, ikapita kilomita za mraba 20,000. Ng'ombe waliondoka, mto ukaendelea kukauka. Viboko bado wanagombania matope.

Sasa tujiulize bonde linatunzwa na nani, na anakula wapi. Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji ya 2009 inazipa bodi za maji za mabonde kazi hiyo, na sehemu kubwa ya tegemeo lao ni ada za vibali vya kutumia maji. Hebu tafakari hilo taratibu. Ofisi inayoishi kwa ada ya maji yanayochukuliwa ndiyo tunayoiambia ipunguze maji yanayochukuliwa. Kibali chenyewe kinaandikwa kwa lita kwa sekunde, kiangazi mto hauna lita hizo, na mkulima aliyelipia anaona ana haki ya kuzidai. Mimi nisingemlaumu. Ukilipia gunia unataka gunia.

Ndiyo maana naona fedha ya kuponesha bonde itoke bajeti kuu ya serikali, kila mwaka, isisubiri mfadhili wala makusanyo ya ada. Na isiende kwenye ukuta mwingine. Tatizo la kiangazi Usangu halihitaji mabilioni ya kutisha, linahitaji vitu vidogo visivyo na utepe wa kukata. Vijiji vingi vilivyo kando ya mifereji vinakunywa, vinafua na kunywesha mifugo humo humo. Ukifunga geti Septemba umemnyima mama maji ya kupikia, kwa hiyo geti halifungwi, na maji mengi yanapotelea njiani kwa ajili ya ndoo chache. Chimba visima kwanza, vyenye pampu na fundi wa kuzitengeneza, halafu ndipo uongee habari ya kufunga geti. Mlipe mlinzi wa maji anayelizungusha gurudumu la geti usiku, kwa maana jumuiya ya watumia maji haiwezi kuendeshwa kwa moyo wa kujitolea pale ambapo jirani yako ana vitalu vya mpunga vinavyonyauka.

Na kuna kalenda. Mwaka wa fedha huanza Julai, mto huanza kufa kati ya Agosti na Novemba. Yeyote aliyefanya kazi serikalini anajua fedha za robo ya kwanza hufika kwa mwendo gani. Zikifika Desemba mvua imeshanyesha, basi zinaishia kwenye semina.

Wapo wanaosema tulia, umeme wa Bwawa la Nyerere kwenye mto Rufiji, ambao Ruaha Mkuu huumwagia maji, megawati 2,115, utailazimisha serikali iutunze mto. Nina wasiwasi ni kinyume. Ruaha Mkuu unachangia takriban asilimia 15 tu ya maji ya Rufiji, mto Kilombero peke yake ni zaidi ya nusu. Mtera na Kidatu, mabwawa ya umeme ya Ruaha Mkuu, zilipokuwa tegemeo la taifa, umeme ukikatika kila mtu aliinyoshea kidole Usangu, hata isivyostahili, maana Mtera hujazwa na mafuriko ya masika na si vijito vya Oktoba. Leo bwawa kubwa linaweza kujaa huku Ruaha umekauka, na wa Dar es Salaam asihisi chochote kwenye swichi yake.

Kwa hiyo kipimo kisiwe umeme, wala idadi ya mabanio yaliyozinduliwa. Pale Msembe, ndani ya hifadhi, mto unapimwa. Ningependa randama ya bajeti ya maji iwe na mstari mmoja tu kuhusu Usangu: mwaka jana maji yalipita Msembe siku ngapi kati ya Agosti na Novemba, na mwaka huu fedha hii itaongeza siku ngapi.