Bonde likigeuka viwanja

Jiji likipanuka, mashamba mazuri ndiyo hutangulia kuliwa. Miji mingi ilianzia kando ya mito, penye udongo wenye rutuba, na sasa inatambaa juu ya udongo uleule. Uchunguzi uliochapishwa mwaka 2017 ulikadiria kwamba kufikia 2030 upanuzi wa miji ungemeza asilimia 1.8 hadi 2.4 ya ardhi ya kilimo duniani, nyingi yake Asia na Afrika.

Wanaotetea mashamba hayo siku hizi hawataji chakula tu. Antananarivo, mji mkuu wa Madagaska, mashamba ya mpunga ya bondeni hupokea maji ya mvua. Yakifukiwa kwa kifusi, maji hayo hayaendi popote ila majumbani. Mashariki ya Kolkata, India, mabwawa ya samaki na mashamba husafisha majitaka ya jiji, na tangu 2002 eneo hilo, hekta 12,500 hivi, linatambuliwa na Mkataba wa Ramsar, mkataba wa kimataifa wa kulinda ardhi oevu.

Lakini wanaohamia mjini walale wapi? Seoul, mji mkuu wa Korea Kusini, ilijifunga ukanda wa kijani, yaani eneo lililozuiwa kujengwa kuuzunguka mji, mwaka 1971. Nyumba zikaruka ukanda: mji mpya wa Bundang ukajengwa ng'ambo yake, na watu wakawa wanauvuka kwenda kazini. Shamba lililookolewa limeongeza safari, na safari zina moshi wake.

Hoja zote mbili zinamsahau anayeshika jembe. Mara nyingi ni mpangaji. Hajui kama msimu ujao atakuwepo, kwa hiyo hupanda mboga za wiki chache. Kumwambia apande miti, achimbe kisima au ajenge matuta ili ahimili ukame ni kumwomba awekeze kwenye mali ya mwingine. Na mwenye ardhi akimuuzia dalali, mimi simlaumu: jiji limemwagia maji yake pale miaka yote bila kumlipa hata senti.

Kwa maoni yangu, si kila shamba la kuzuiwa lisijengwe. La mwinukoni, lisilopokea maji ya mtu, lijengwe, tena kwa ghorofa. Bonde libaki, na anayesakafia ua wake huko juu achangie ada ya maji anayoyateremsha. Fedha hiyo imfikie mwenye bonde kila mwaka, kwa sharti moja: mpangaji wake apewe mkataba wa miaka inayotosha mwembe kukua na kuzaa.