Mji upi hustahimili mdororo? Fuata pesa inakoingilia

Mwaka 2020 hoteli nyingi za Mombasa zilifunga, na wahudumu, wapishi na madereva wa watalii wakarudishwa makwao bila mshahara au kwa mshahara uliokatwa. Mwaka huohuo bandari ya mji huohuo ilihudumia shehena ya tani milioni 34.1, pungufu kidogo tu ya milioni 34.4 za 2019. Anayetaka kutetea hoja kwamba mji wenye shughuli nyingi huvumilia mdororo kuliko mji wa shughuli moja hahitaji kwenda mbali. Sekta moja ililala, nyingine ikaendelea, na mji haukuzima.

Hoja hiyo ina mashiko, ila inatumiwa kiholela. Wapangaji wa miji huhesabu aina za kazi, wakikuta ziko nyingi wanaridhika. Kipimo chao cha kawaida ni rahisi: chukua asilimia ya ajira katika kila sekta, zidisha kila moja kwa yenyewe, kisha jumlisha. Mji ambao watu wake wote wanafanya kazi moja hupata 10,000. Kadiri kazi zinavyotawanyika ndivyo namba inavyoshuka.

Tuchukue mji wa kubuni wa pwani: hoteli asilimia 20, rejareja 20, usafiri 15, ujenzi 15, uvuvi 10, kilimo 10, serikali 10. Jumla ni 1,550. Sekta saba zingegawana sawasawa wangepata kama 1,430, kwa hiyo kwenye karatasi mji huu umekaa vizuri sana. Sasa rudia hesabu, safari hii ukiuliza mteja wa mwisho ni nani. Katika wale 15 wa usafiri, 10 wanabeba watalii. Katika 15 wa ujenzi, 12 wanajenga hoteli na nyumba za wageni. Rejareja 12, uvuvi 6 wanaouza kamba na pweza kwa wapishi wa hoteli, kilimo 4 wanaopeleka mboga na matunda hukohuko. Ukiwaongeza na 20 wa hoteli zenyewe unapata asilimia 64 wanaomtegemea mgeni mmoja anayeshuka uwanja wa ndege. Asilimia hiyo peke yake, ikizidishwa kwa yenyewe, inapita 4,000. Mji ni uleule na watu ni walewale, ila hatari yake imeonekana.

Unguja inakaribia sana mfano huo. Wageni wa Zanzibar walizidi laki tano mwaka 2019, wakashuka hadi takriban nusu yake 2020, na ukuaji wa uchumi ukaanguka kutoka asilimia 7 hadi 1.3. Mvuvi wa pweza hayumo katika takwimu za utalii, lakini mnunuzi wake mkubwa alipofunga jiko, bei ilimshukia palepale ufukweni.

Kwa hiyo swali la kwanza si mji una kazi ngapi, bali pesa ya nje inaingia kwa milango mingapi, na kama tukio moja linaweza kuifunga yote kwa pamoja. Kinyozi, bodaboda, mama lishe na duka la jumla hawaleti pesa mjini. Wanaizungusha iliyokwisha kuingia. Ni kazi za maana, lakini kuzihesabu kama kinga ya mdororo ni kuhesabu kivuli.

Mombasa yenyewe inaonyesha kasoro ya pili. Treni ya mizigo ya SGR, reli mpya ya Mombasa hadi Nairobi, ilianza kazi mwanzoni mwa 2018, na mwaka 2019 likatoka agizo kwamba makontena yanayokwenda bara yapande reli. Tani za bandarini hazikupungua. Kilichopungua ni pesa iliyokuwa ikidondoka njiani: vituo binafsi vya kuhifadhi makontena vilipoteza kazi, malori yakaegeshwa, na biashara za barabarani kutoka Changamwe hadi Mariakani na Voi, yaani gereji, wauza matairi, vyumba vya kulala na vibanda vya chakula, zikakosa madereva na matingo wao. Agizo lilifutwa Septemba 2022. Mzigo kupita mjini ni jambo moja, mji kushika sehemu ya pesa ya mzigo huo ni jambo jingine. Ripoti inayosifu bandari kwa tani peke yake haijamaliza kazi.

Kisha kuna jambo ambalo wapenzi wa mseto wa shughuli hulipitia juujuu. Mji unaweza kuwa na milango miwili ilhali kila kaya ina mmoja. Mhudumu wa hoteli ya Nyali hakuweza kuamka kesho yake akaendesha krini ya bandarini. Wastani wa mji ulishikiliwa na watu wengine, na yeye akalala njaa ndani ya wastani huo.

Wapo wanaotetea upande wa pili, na hawana makosa. Mji uliojikita katika kazi moja hukua haraka zaidi nyakati za neema: mafundi wako jirani, wauza vipuri wako jirani, na mfanyakazi akiacha kazi huku anaajiriwa mtaa wa pili bila kufundishwa upya. Halafu mlango uliofungwa unaweza kufunguka. Zanzibar iliporuhusu ndege za wageni tena katikati ya 2020, hoteli zilikuwa zipo, ufukwe upo, na kufikia 2023 wageni walikuwa zaidi ya laki sita kwa mwaka. Kuutawanya uchumi ule kwa nguvu, kwa kuanzisha viwanda visivyo na soko, kungekula pesa nyingi kuliko hasara yenyewe.

Lakini utetezi huo unasimama pale tu ambapo mteja atarudi. Tanga, mteja huyo hakurudi. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 Tanganyika ilikuwa ikizalisha mkonge zaidi ya tani 200,000 kwa mwaka, ikiongoza duniani, na Tanga ndiyo iliyokuwa kitovu chake: mashamba, mitambo ya kuchakata singa, reli, bandari. Kamba za plastiki zikaanza kuchukua soko katikati ya miaka ya 1960, bei ikaporomoka, na mwaka 1967 sehemu kubwa ya mashamba ikataifishwa wakati uwekezaji tayari unakauka. Kufikia mwishoni mwa miaka ya 1990 nchi nzima ilikuwa inatoa chini ya tani 30,000. Serikali ilijaribu kuuongezea mji milango: kiwanda cha mbolea, cha chuma, cha saruji. Cha mbolea kilifungwa 1991. Saruji imebaki, kwa sababu chokaa ipo palepale Pongwe na wajenzi wako karibu. Ukitaka kujua mlango mpya utadumu au hautadumu, tazama kama malighafi na mteja wake vipo hata ruzuku ikiondoka.

Mtu atauliza kuhusu Pittsburgh, mji wa Marekani unaotajwa kila mara kama mfano wa kujirekebisha. Chuma kilipoanguka, ukosefu wa ajira katika eneo hilo ulipita asilimia 17 mwanzoni mwa 1983. Katika mdororo wa 2007 hadi 2009, Detroit iliyotegemea magari na Las Vegas iliyotegemea wageni na ujenzi ziliumia vibaya, ilhali Pittsburgh, yenye hospitali na vyuo vikuu kama waajiri wakuu, ilibaki na ukosefu wa ajira ulio chini ya kilele cha kitaifa cha asilimia 10, na bei za nyumba zake hazikuanguka kama za Las Vegas. Sawa. Ila mji huo ulikuwa na watu kama 677,000 mwaka 1950 na 306,000 mwaka 2010. Sehemu ya uimara wake ni kwamba wengi ambao wangekosa kazi walikuwa wamekwisha kuhama. Na bei ya nyumba isiyopanda haina pa kuangukia.

Hospitali, vyuo na serikali ndivyo vinavyosifiwa zaidi kama nguzo za nyakati mbaya, na Dodoma, tangu serikali ilipohamishiwa huko kwa kasi kuanzia 2016, ndiyo jaribio letu kubwa. Mshahara wa mtumishi haukatwi mdororo ukija, hilo ni kweli. Kinachokatwa ni matumizi mengineyo, fungu linalolipia semina, safari, chakula cha vikao na zabuni ndogondogo. Mtumishi anaendelea kulipwa, lakini nyumba ya wageni, mpishi wa vikao na mzabuni wa vifaa vya ofisi wanakaa miezi na ankara zisizolipwa. Mzabuni aliyekopa benki akisubiri hazina anafilisika akiwa anadai. Taasisi nazo huhama au huisha muda. Mahakama ya kimataifa ya mauaji ya kimbari ya Rwanda ilikaa Arusha miaka 20, ikafunga mwisho wa 2015, na wenye nyumba waliozoea kodi ya dola ilibidi watafute wapangaji wa shilingi. Arusha haikutikisika sana kwa sababu ina safari za mbugani, makao ya Jumuiya ya Afrika Mashariki, na nyuma yake mashamba ya mboga, maua na nafaka.

Hayo mashamba ndiyo ningeyapa uzito kuliko mijadala mingi inavyoyapa. Mwaka 2020 kilimo cha Kenya kilikua wakati malazi na chakula cha hotelini kiliporomoka karibu nusu. Mji unaouza mbolea, dawa za mifugo, vipuri vya trekta na usafiri wa mazao, kama Eldoret, hupata pesa kwa ratiba ya mvua, na ndege kutotua hakuubabaishi. Una ugonjwa wake: ukame ukija, unaumia wakati Mombasa inacheka.

Kwa halmashauri, kazi ya vitendo haianzi na mpango mkakati wa kurasa 200. Afisa mipango achukue rejista ya leseni za biashara, achague mia moja kubwa kutoka sekta zote, na kuuliza kila moja swali moja: mteja wako mkuu analipwa na nani? Majibu yapangwe kwa chanzo, si kwa sekta. Chanzo kimoja kikipita theluthi moja, bajeti ya mwaka isipangwe kwa kudhani mwaka utakuwa mzuri. Tanzania ushuru wa huduma hutozwa kama sehemu ndogo ya asilimia ya mauzo, kwa hiyo unaanguka pamoja na biashara, siku ileile ambayo zahanati na soko vinahitaji pesa zaidi. Kodi ya majengo ingekuwa tulivu kuliko huo, lakini tangu Julai 2021 inakatwa kwenye umeme wa LUKU, yaani umeme unaolipiwa kabla ya kutumika, na kuingia serikali kuu kwanza. Halmashauri imebaki na chanzo kinachoyumba, na kile kilichotulia kinapitia mkono mwingine kabla ya kuifikia.