Baba Aliyeamshwa Usingizini
Mwaka 1854 mchoraji Abraham Solomon alipeleka picha mbili kwenye maonyesho ya Royal Academy jijini London, moja ikionyesha behewa la daraja la kwanza na ya pili behewa la daraja la pili. Lawama ziliiangukia ile ya kwanza. Ndani yake kijana wa kiume anazungumza na msichana huku baba wa msichana amesinzia pembeni, jambo ambalo wahakiki waliliona kuwa utovu wa adabu. Solomon akaichora upya: katika toleo jipya baba yuko macho, ameketi kati ya vijana hao, na yule kijana, ambaye sasa amevishwa sare ya ofisa wa jeshi la majini, anaongea na mzee huku binti akisikiliza kwa mbali.

Kwangu mimi, marekebisho hayo yanayafichua matabaka ya Uingereza ya Malkia Victoria kuliko picha nyingi za ufukara zilizochorwa wakati ule. Katika behewa la daraja la pili kuta ni mbao tupu, mama anaagana na mwanawe anayekwenda kutafuta riziki baharini, na ukutani yamebandikwa matangazo ya safari za Australia. Huzuni hiyo ilikubalika bila taabu, kwa kuwa kuachana na mtoto kulihesabiwa kuwa fungu la maskini. Kilichokera ni tajiri kulala na kuuacha mlango wa familia yake wazi.

Tabia hiyohiyo naiona katika picha ya William Powell Frith ya mbio za farasi za Epsom, iliyoonyeshwa mwaka 1858 na kuvuta umati hata ikabidi kuwekewa uzio. Mtoto wa sarakasi amesahau mchezo wake. Baba anamnyooshea mikono, naye macho yameganda kwenye chakula ambacho mtumishi anawaandalia matajiri. Frith aliiona njaa hiyo vizuri kabisa (nampa heshima yake), lakini akaipa nafasi sawa na matapeli na wacheza kamari, kana kwamba nayo ni burudani mojawapo ya siku hiyo.

Ningepewa ukumbi, ningezitundika picha za Solomon zote tatu ukuta mmoja, ya daraja la pili ikikaa katikati ya yule baba aliyelala na yule aliyeamshwa.