Mafuta ya juzi, samaki wa leo

Samaki katoka soko la Feri asubuhi, mbichi kabisa, macho yanang'aa. Usiku ukifika, taa zikiwaka na muziki ukipamba moto Mtwara mjini, anatumbukizwa kwenye mafuta ya juzi! Inaudhi mno. Mafuta yaliyochoka yanajulikana: meusi, mazito, yanafoka povu lisilotulia, na yanatoa moshi mapema. Kinachochangia kuyaharibu ni maji ya samaki, pamoja na makombo yanayoungulia chini ya karai. Samaki akaushwe maji kwanza. Mafuta yakipoa yachujwe kwa kitambaa safi, na jamani, msiongezee mapya juu ya mabovu, nayo yanaharibika upesi. Mteja, chungulia karai kabla ya kutoa hela. Yakiwa meusi, agiza wa kuchoma.