Chanjo ya Kamanda Iko Pajani Mwangu

Sikubweka. Naanza na hilo, maana ile voisi inayozunguka kwenye magrupu ya mtaa karekodi mtu anayedaiwa na mimi hela mpaka leo. Nilisema "uwii", tena mara moja. Hayo mengine ni chumvi yake.

Ilikuwa tarehe 28 Septemba, Siku ya Kichaa cha Mbwa Duniani, chanjo bure chini ya mwembe wa ofisi ya mtaa. Spika ilishapita kutangaza: mbwa na paka, walete wote. Afisa mifugo akawa anatuelewesha kwamba wakichanjwa mbwa 70 katika kila 100, ugonjwa unakosa pa kupitia. Mie nimesimama kifua mbele. Kamanda ndiye mwenye kile kibao cha "Mbwa Mkali" getini kwangu, na kijiweni nilishawaambia daktari ajiandae na wanaume wanne. Nimemwogesha, nimempaka na mafuta ya nazi. (Msicheke. Kuna mtu alimleta wa kwake kavaa jezi, timu siitaji nisije nikapigwa.)

Jirani yetu kwenye foleni alikuwa bibi wa nyumba ya kona. Paka wake kamtia kwenye kiroba, mdomo wa kiroba kaufunga kwa kipande cha kanga. Kiroba kinatembea chenyewe.

Zamu yetu ikafika. Karani akajaza kadi: jina Kamanda, dume, rangi kahawia. Nikambana katikati ya magoti, nikainama, nikamshika masikio. Afisa akaivuta ngozi ya nyuma ya shingo, sindano mkononi, akasema, "Tulia, mwanangu." Sijui alikuwa anamwambia nani.

Kwa pembe ya jicho nikaiona ile kanga inalegea. Ikatoka pua. Zikatoka sharubu. Kamanda naye akaziona. Wadau, yule mbwa mkali akatoa kilio cha mtoto aliyenyimwa andazi, na kitu cha moto kikajaa kwenye kandambili yangu. Paka akachomoka. Akaupanda mgongo wangu na kucha zake zote, akakanyaga utosi, akarukia mwembeni. Mimi nikainuka. Kamanda akajivuta kinyumenyume, kamba akaniachia. Na mkono wa afisa ulikuwa umeshaanza kushuka.

Niliisikia ikiingia. Paja la kulia, juu kidogo ya goti. Afisa akalitazama bomba la sindano, nami nikalitazama. Tupu. Watu kimya, hata paka kule juu kanyamaza. Ndipo mwenyekiti wa mtaa akauliza kwa ile sauti yake ya kikao:

"Sasa huyu tunamhesabu?"

Hapo wengi wenu mliopo humu mlikaa chini, nawajua kwa majina. Halafu yule kijana wa rangi, anayewapuliza alama ya bluu waliokwisha kuchanjwa ili wasirudiwe, akaja na kopo lake akanipuliza begani. Anasema ndio utaratibu. Shati lilikuwa jeupe.

Basi, nikaoshwa paja kwa sabuni na maji tele, bodaboda hadi zahanati, afisa yuko kwenye simu njia nzima ananihakikishia kirusi cha kwenye chanjo ile kimeshauawa, nisiwe na wasiwasi. Nesi akaniuliza, "Umeng'atwa na mbwa?" Nikamjibu hapana dada, nimechomwa chanjo yake. Akaomba udhuru, akatoka, nikamsikia kwenye korido anamwita mwenzake aje asikie. Nikaruhusiwa na panadol.

Kamanda alipatikana jioni kwa yule bibi, uvunguni, anakula dagaa wa paka. Afisa akamchanja palepale, hata mkia hakuutikisa, mwenye dagaa kakaa pembeni anamkodolea macho. Bibi akaniambia, "Mjukuu wangu, huyu mbwa mpole hivi, mlikuwa mnamshikia nini?"

Jumamosi timu inahamia mtaa wa pili. Mwenyekiti kanipigia asubuhi hii, anaomba nikawasaidie kushika mbwa, eti wengine wanaogopa, mimi tayari kinga ninayo.