Hewa Chini ya Kivuko

Septemba 20, 2018 kivuko MV Nyerere kilipinduka kikikaribia kisiwa cha Ukara, Ziwa Victoria. Siku mbili baadaye waokoaji walimtoa fundi mmoja akiwa hai ndani ya chombo kilicholala kichwa chini. Ukiitaja habari hiyo Mwaloni Kirumba, soko la samaki jijini Mwanza, utajibiwa neno moja: muujiza. Kijana akisema "ni hewa ilinaswa mle ndani", anatazamwa kama aliyetukana msibani.

Mimi ni mtu wa ibada ya Jumapili (si zote, mke wangu anajua), lakini naona kijana huyo anaonewa.

Hoja ya waumini si ndogo. Walikufa watu 228. Mama aliyezika wawili kwa siku moja hatulizwi na hesabu. "Kazi ya Mungu haina makosa" humtuliza. Anayesema dini ni sumu tupu akiugua atapandishwa Bugando, hospitali iliyojengwa na Kanisa Katoliki.

Ila kivuko kile kiliruhusiwa kubeba watu 101. Waliokufa peke yao ni zaidi ya mara mbili ya idadi hiyo. Ilikuwa siku ya gulio Bugolora, kilikotoka kivuko, watu wanarudi na mizigo yao. "Haina makosa" akiisema mfiwa ni faraja. Akiisema aliyepakia, anajinawa mikono. Asiyeamini anayesisitiza kwamba makosa yapo na yana wenyewe, huyo ndiye tunamwita hana utu?

Nayo hiyo hewa. Mei 21, 1996 MV Bukoba ilipopinduka karibu na Mwanza, waliokuwa ndani walisikika wakigonga bati. Kwa nia njema kabisa, tumbo la meli likatobolewa. Hewa iliyokuwa ikiielesha ikatoka, ikazama na waliokuwa wakigonga. Kilichokosekana pale ni ujuzi. Sala nina hakika zilikuwepo tele. Tukiishia kwenye muujiza, hakuna cha kumfundisha mwokoaji wa kesho. Tukisema ni hewa, kipo.

Muumini atauliza: hewa nayo kaiumba nani? Swali zuri, lakini halishushi hata abiria mmoja wa ziada. Tena linazaa jingine: aliyemwona huyu mmoja, wale 228 hakuwaona? Hapo kijana huambiwa asimhoji Mungu. Misibani tunasoma "Bwana alitoa na Bwana ametwaa", maneno ya Ayubu sura ya kwanza, kisha tunafunga kitabu. Kuanzia sura ya tatu Ayubu analalamika na kuhoji bila kupumzika, na mwishoni wanaokemewa na Mungu ni marafiki zake, wale waliokuwa na majibu tayari.

Husemwa pia kwamba bila hofu ya Mungu watu watafanya lolote. Labda. Lakini kwa miaka yote niliyovuka ziwa hili sijakutana na mkata tiketi asiye na dini, na vyombo vimejazwa vilevile.

Mwezi uliopita nilikuwa gatini, tumebanana. Mama mmoja mwenye rozari mkononi akauliza, "Mmeshapakia wangapi?"

"Panda tu mama, Mungu yupo."

"Najua yupo. Nimeuliza wangapi."

Hakujibiwa. Akakaa juu ya gunia lake la dagaa kusubiri safari ya saa tisa.